Barua ya wazi kwa wanaosimamia maktaba: mnapoweka vitabu mtandaoni, msiwaanike wasomaji

Waheshimiwa mawaziri wenye dhamana ya elimu na utamaduni, wakurugenzi wa maktaba za taifa na za umma, wakuu wa vyuo, na maofisa wote mnaotia saini mikataba ya kuskani vitabu,

Tunawaandikia sisi tunaofanya kazi ya ukutubi, ya kutunza nyaraka na ya kuendesha mifumo ya kompyuta ya maktaba. Kazi ya kuskani vitabu na kuviweka mtandaoni tunaiunga mkono bila kigugumizi. Karatasi nyingi za viwandani zilizotengenezwa tangu katikati ya karne ya 19 zina asidi inayozila polepole. Zinageuka manjano, zinakauka, na mwishowe ukurasa unavunjika ukiukunja pembe tu. Kitabu cha namna hiyo kilichobakiza nakala mbili hakina muda wa kusubiri vikao.

Kinachotutia wasiwasi ni mipango inayoletwa mezani. Kila mpango una kurasa nyingi za skana, seva, mafunzo na sherehe ya uzinduzi. Kuhusu watu una sentensi moja: kwamba taarifa binafsi zitalindwa kwa mujibu wa sheria. Sentensi hiyo haimwambii fundi afanye nini Jumatatu asubuhi. Na maktaba imekabidhiwa amana mbili, kitabu na siri ya aliyekisoma. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliiandika amana ya pili katika kanuni zake za maadili mwaka 1939: ni wajibu wa mkutubi kutunza kama siri jambo lolote la faragha analolijua kwa kuwahudumia wasomaji. Tunawaomba msitie saini mkataba wowote wa kuskani vitabu mpaka amana hiyo iwe na bajeti yake, hatua zake, na mtu wa kuulizwa.

Tuanze na kitabu chenyewe, maana wengi hudhani taarifa binafsi zinakaa kwenye kompyuta tu.

Fungua jalada la nyuma la kitabu kilichoazimishwa kabla ya zama za kompyuta. Mara nyingi kuna kijaruba cha karatasi kilichobandikwa, na ndani yake kadi yenye safu mbili: tarehe upande mmoja, majina ya walioazima upande wa pili, pengine na namba ya uanachama, darasa au bweni. Mwendesha skana ameambiwa apige kila kitu kuanzia jalada hadi jalada, naye anapiga. Zamani mwandiko wa mkono ulikuwa kinga, kwa kuwa programu za kutambua herufi zilisoma chapa tu. Za siku hizi zinasoma na mwandiko. Matokeo yake, mtu akiandika jina la jirani yake kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kuletewa kitabu cha kuishi na kifafa, au cha talaka, au cha siasa iliyopigwa marufuku, pamoja na tarehe ambayo jirani huyo alikichukua. Jirani mwenyewe bado yuko hai, hakuombwa ruhusa, wala hajui kwamba ukurasa huo upo.

Tiba ni hatua moja ya ukaguzi kabla kitabu hakijafika kwenye skana. Mkaguzi anaangalia sehemu nne: karatasi za mwanzo baada ya jalada, karatasi za mwisho, kijaruba, na vitu vilivyosahaulika katikati ya kurasa. Katika vitabu tunatoa barua, risiti, picha za familia, vyeti vya kliniki, hata nakala za vitambulisho. Vitu hivyo vinatolewa na kuwekwa kwenye bahasha yenye namba ya kitabu. Kadi ya uazimaji inapigwa picha, lakini faili lake linaingia kwenye folda iliyofungwa, halifiki kwenye nakala ya wasomaji. Mahali pake nakala ya wasomaji inapewa maelezo mafupi kwamba ukurasa fulani umezuiwa kwa kuwa una majina ya wasomaji, ili mtafiti ajue kuna kilichoachwa na sababu yake. Ukaguzi huu ukichukua dakika 3 kwa kitabu, vitabu 10,000 ni saa 500, yaani kama siku 63 za kazi za saa 8. Mtu mmoja, miezi mitatu. Mradi unaoweza kununua skana hauwezi kushindwa kumlipa mtu huyu.

Hatusemi kila jina lifutwe. Tabaruki ya mwandishi, saini ya mmiliki aliyekufa zamani, maoni ya pembeni mwa ukurasa yaliyoandikwa na mwanazuoni, hayo ni sehemu ya historia ya kitabu na kuyafuta ni uharibifu. Mpaka unaotumiwa na watunza nyaraka wengi ni wa miaka 100 tangu mtu kuzaliwa pale ambapo tarehe ya kifo haijulikani. Unafaa. Uandikwe kwenye mwongozo ili mkaguzi asibaki akikisia.

Tasnifu na tafiti za wanafunzi zinahitaji jicho kali zaidi kuliko vitabu. Viambatisho vyake vimejaa orodha za waliohojiwa, namba zao za simu, fomu za ridhaa zenye saini, majina ya wagonjwa walioelezwa kana kwamba wamefichwa, na wasifu wa mtafiti wenye tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliyekubali kuhojiwa miaka 30 iliyopita alikubali maneno yake yakae kwenye rafu ambako watu wachache kwa mwaka wangeyafikia. Hakukubali injini za utafutaji. Kwa hiyo tasnifu isipandishwe mtandaoni kabla mtu hajasoma viambatisho vyake vyote, shukrani, na maelezo ya chini ya picha.

Sasa kuhusu kuficha kilichokwisha kuskaniwa. Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, na yanatokea kwa watu wenye nia njema kabisa. Faili la PDF la kitabu kilichoskaniwa lina tabaka mbili: picha ya ukurasa, na chini yake maandishi yaliyotambuliwa na kompyuta, yasiyoonekana kwa jicho. Mfanyakazi anachora kisanduku cheusi juu ya jina, analiona limefunikwa, anahifadhi faili na kuendelea na kazi nyingine. Jina bado liko kwenye tabaka la chini. Msomaji akivuta kipanya juu ya kile kisanduku, akanakili na kubandika kwingine, jina linatokea zima. Injini ya utafutaji nayo imeshalisoma.

Mpangilio sahihi ni huu. Faili kuu, yaani lile la kwanza lililotoka kwenye skana, haliguswi; linabaki kwenye hifadhi iliyofungwa. Kwenye nakala ya picha, sehemu yenye jina inafutwa katika pikseli zenyewe, yaani nukta zinazounda picha, si kwa kuwekewa umbo la juu. Kisha programu ya kutambua herufi inaendeshwa upya juu ya picha iliyofutwa, na PDF inatengenezwa upya kutoka hapo. Baada ya hapo faili linajaribiwa: chagua maandishi yote, yabandike kwenye programu ya kawaida ya maandishi, tafuta jina. Likipatikana, rudi mwanzo. Likikosekana, bado kuna sehemu tatu za kusafisha: faharasa ya utafutaji ya maktaba yenyewe, picha ndogo za onyesho zilizotengenezwa mapema, na matoleo ya zamani ya faili yaliyobaki kwenye seva kwa anwani ileile au inayofanana nayo. Mwisho kabisa, injini za utafutaji za nje ziombwe ziondoe nakala zao. Ukiruka hatua moja kati ya hizi, kazi yote ni bure.

Na pale maktaba ndogo inapoamua kutumia simu badala ya skana, jambo ambalo hatulipingi, picha za simu huweza kubeba ndani yake mahali zilipopigwa, saa, na aina ya simu. Taarifa hizo zifutwe kwa programu kabla ya kupandisha.

Inafaa tuzungumzie gharama, kwa sababu gharama ndiyo inayowasukuma wengi wenu kwenye mikataba mibaya. Ukurasa wa sentimita 15 kwa 22 ukiskaniwa kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, unatoa picha yenye pikseli zipatazo milioni 8.2. Ikihifadhiwa bila kubanwa, kila pikseli baiti 3, ni kama megabaiti 25. Kitabu cha kurasa 300 ni gigabaiti 7 na nusu hivi. Vitabu 10,000 vinakaribia terabaiti 75, na kwa kuwa faili kuu linapaswa kuwa na nakala 3, moja ikiwa mbali na jengo, tunazungumzia zaidi ya terabaiti 220. Kubana faili bila kupoteza ubora kunaweza kupunguza ujazo huo hadi karibu nusu. Bado ni mzigo wa kila mwaka: diski zinachakaa, na kila faili linahitaji alama ya uhakiki inayokokotolewa upya mara kwa mara ili ijulikane kama kuna biti iliyoharibika kimyakimya.

Mkurugenzi akiona hesabu hiyo, anatokea mgeni anayesema atafanya kazi yote bure. Hatumhukumu kila mgeni. Mwaka 2004 Google ilianza kuskani makusanyo ya maktaba kubwa, zikiwamo za vyuo vikuu vya Michigan, Harvard, Stanford na Oxford, na kufikia mwaka 2019 kampuni hiyo ilisema imeskani zaidi ya vitabu milioni 40. Faida yake ni kubwa. Lakini angalieni kilichoziokoa maktaba zile: zilidai zipewe nakala ya kila faili. Kwa nakala hizo, mwaka 2008, zikaanzisha HathiTrust, hazina inayoendeshwa na maktaba zenyewe na yenye mamilioni ya majuzuu. Maktaba isiyodai nakala yake siku ya kutia saini hukuta baada ya miaka 10 kwamba njia pekee ya kufikia vitabu vyake yenyewe ni kupitia ukurasa wa mtu mwingine, ambako kila msomaji anahesabiwa.

Tena ndani ya mikataba hii wanaosahaulika zaidi ni wasomaji. Suluhu ya kesi iliyopendekezwa kati ya Google na waandishi na wachapishaji wa Marekani walioishtaki kwa kuskani vitabu vyao ilipingwa kwa sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa kwamba haikuweka ulinzi wa kutosha kwa rekodi za watu watakaosoma vitabu hivyo. Hakimu aliikataa suluhu hiyo Machi 2011. Swali lililoulizwa wakati ule linabaki kuwa la kwanza kuuliza mkandarasi yeyote: mtu akifungua kitabu chetu kupitia mfumo wenu, mnaandika nini, wapi, kwa muda gani, na nani mwingine anapewa?

Msikubali jibu la maneno matupu, kwa maana maktaba inayoonyesha vitabu mtandaoni inaweza kujua mambo ambayo kaunta haikuwahi kuyajua. Kaunta ilijua kitabu kilichukuliwa na kilirudi. Seva inajua ukurasa uliofunguliwa, sekunde uliokaa wazi, maneno yaliyotafutwa ndani yake, sentensi iliyonakiliwa, anwani ya IP (namba inayotambulisha kifaa au mtandao wake), na aina ya kifaa. Mstari mmoja wa kumbukumbu za seva una saa kamili, anwani, na jina la faili. Ukiiweka mistari ya wiki moja pamoja, unaona mtu aliyeanza na kamusi ya maneno ya kitabibu saa tano usiku, akaingia sura ya uvimbe wa titi, kisha akatafuta neno "mirathi".

Haya si mambo ya kudhania. Mwaka 2014 iligundulika kwamba Adobe Digital Editions 4, programu iliyotumiwa na maktaba nyingi kuazimisha vitabu vya kidijitali, ilikuwa inatuma kwa seva za kampuni taarifa za kitabu kilichofunguliwa na kurasa zilizosomwa, tena bila kufichwa, kiasi kwamba yeyote aliyekuwa kwenye mtandao huohuo angeweza kuzisoma njiani. Kampuni ilirekebisha baada ya kelele. Wasomaji wale walikuwa wamekwenda maktaba na kufuata maelekezo ya mkutubi. Walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba wako salama.

Mtaambiwa kwamba majina yataondolewa na kilichobaki ni takwimu. Agosti 2006 AOL, kampuni ya huduma za mtandao ya Marekani, ilitoa hadharani utafutaji upatao milioni 20 wa watu wapatao 650,000, kila mtu akiwa amepewa namba badala ya jina. Ndani ya siku chache waandishi wa habari walimpata mwanamke mmoja kwa kusoma alichotafuta, wakaenda kuzungumza naye. Mtafiti Latanya Sweeney naye alionyesha mwaka 2000 kwamba asilimia 87 ya watu wa Marekani wangeweza kutambulika kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na msimbo wa posta wa tarakimu 5. Fomu ya uanachama ya maktaba huweza kuuliza vyote vitatu, na mara nyingi haina haja navyo. Ili kumwazimisha mtu kitabu mnahitaji jina, njia moja ya kumpata, na namba ya kadi. Kama kuna huduma ya watoto, ulizeni kama mtu ana umri unaohusika, ndiyo au hapana. Msihifadhi tarehe kamili.

Mkandarasi mwingine atasema kwamba namba za kadi zimegeuzwa kuwa mafumbo ya kihisabati yasiyorudishika nyuma. Muulizeni kadi zina tarakimu ngapi. Zikiwa 8, namba zote zinazowezekana ni milioni 100. Kompyuta ya kawaida inazikokotoa zote kwa dakika chache, inalinganisha, na fumbo limefumbuliwa. Kugeuza namba kunasaidia pale tu inapochanganywa na ufunguo wa siri ambao mkandarasi hana, na ufunguo huo ukabadilishwa na kuharibiwa kila baada ya muda.

Kinga ya kweli ni kutokuwa na rekodi. Mwaka 2005 wakutubi 4 wa jimbo la Connecticut, Marekani, walipata barua ya FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo, ikidai taarifa za matumizi ya kompyuta za maktaba, na barua hiyo iliwakataza hata kusema kwamba wameipata. Walikwenda mahakamani, na zuio la kusema likaondolewa mwaka 2006. Walikuwa majasiri, lakini maktaba haiwezi kupangwa kwa kutegemea kwamba daima atakuwapo jasiri. Rekodi iliyofutwa jana haiwezi kudaiwa leo, haiwezi kuuzwa, haiwezi kuibwa.

Kufuta kwenyewe kuna ufundi wake. Mifumo mizuri ya maktaba ina uwezo huo tayari. Koha, programu huria (ambayo yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bure) iliyoanzia Nyuzilandi na kuanza kutumika mwaka 2000, inaweza kumpa msomaji chaguo la historia yake kuhifadhiwa daima, kwa muda uliowekwa na maktaba, au isihifadhiwe kabisa. Lakini chaguo la muda halifanyi kazi lenyewe. Fundi lazima kwanza aunde akaunti ya msomaji asiye mtu, ambayo rekodi za zamani zinahamishiwa, kisha aweke kazi ya usiku inayoendesha ufutaji. Maktaba inaweza kuwa na sera nzuri ukutani huku kazi hiyo ya usiku haijawahi kuwashwa.

Hata ikiwashwa, nyayo hubaki. Ukifuta historia ya uazimaji, angalia na jedwali la takwimu ambalo linaweza kuwa na namba ya msomaji kando ya namba ya kitabu. Angalia kumbukumbu za matendo ya wafanyakazi. Angalia foleni ya barua pepe na ujumbe wa simu zilizotumwa, kwa kuwa ukumbusho wa kurudisha hutaja jina la kitabu. Angalia orodha za vitabu vilivyowekewa nafasi na maombi ya ununuzi. Kisha nakala rudufu: ikiwa zinatunzwa siku 90, basi ufutaji unakamilika siku ya 90, na sera iseme hivyo waziwazi badala ya kuahidi kwamba taarifa zinafutwa papo hapo.

Pendekezo letu la muda ni jepesi. Kitabu kikirudi bila deni, uhusiano kati ya msomaji na kitabu ukatwe usiku uleule, isipokuwa msomaji mwenyewe ameomba historia yake itunzwe. Kumbukumbu za seva zenye anwani kamili zikae siku 7 kwa ajili ya usalama, baada ya hapo anwani ikatwe na zibaki hesabu tu. Takwimu zinazochapishwa zisionyeshe kundi lenye watu chini ya 10. Ukumbusho useme "una kitabu kinachotakiwa kurudi" bila kukitaja, maana simu hulala mezani na ujumbe husomwa na wengine nyumbani.

Kuna sehemu nyingine mbili ambazo taarifa huvuja bila mtu kuziona. Mashine za kujiazimia vitabu huzungumza na mfumo mkuu kwa itifaki ya SIP2, yaani kanuni za mawasiliano kati ya mashine hizo, na itifaki hiyo yenyewe haifichi chochote: namba ya kadi na nywila ya msomaji hupita wazi kwenye waya. Lazima izungushiwe njia iliyosimbwa, na sharti hilo liandikwe kwenye zabuni. Sehemu ya pili ni tovuti ya maktaba. Tovuti nyingi zimewekewa kipande cha kuhesabu wageni kutoka kampuni za nje, vitufe vya mitandao ya kijamii, na fonti zinazovutwa kutoka seva za watu. Kila kimoja kinaweza kuambia kampuni hiyo kwamba kivinjari fulani kimefungua ukurasa fulani, na jina la kitabu mara nyingi liko kwenye anwani ya ukurasa. Zipo programu huria za kuhesabu wageni zinazokaa kwenye seva ya maktaba yenyewe. Fonti zihamishiwe ndani. Vitufe viondolewe, msomaji anajua kunakili kiungo.

Kuhusu uvamizi tutakuwa wafupi kwa kuwa mfano wake uko wazi. Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia Maktaba ya Uingereza, British Library, wakaiba takriban gigabaiti 600 na kufunga mifumo. Maktaba ilikataa kulipa fidia, wakaanika walichoiba, zikiwamo taarifa za wafanyakazi na za watumiaji. Katalogi kuu ilirudi mtandaoni Januari 2024, tena kwa huduma pungufu. Ripoti iliyotolewa na maktaba yenyewe Machi 2024 ni somo kwenu nyote: njia iliyoelekea kutumiwa ni seva ya kuingilia kwa mbali isiyo na uthibitishaji wa hatua mbili, na mifumo mingi ya zamani haikuweza kurejeshwa kwa kuwa haikuendana tena na mitambo ya kisasa au watengenezaji wake hawaihudumii. Oktoba mwaka huohuo wa 2024 ilijulikana kwamba Internet Archive, hazina ya vitabu na kurasa za mtandaoni, nayo imevamiwa na taarifa za akaunti zipatazo milioni 31 zikatoka, zikiwamo anwani za barua pepe na nywila zilizosimbwa. Mtu anayefungua akaunti ili asome kitabu kisichohitaji akaunti anajiweka hatarini bila faida yoyote. Vitabu visivyo na hakimiliki vifunguliwe bila kujisajili.

Tunalisisitiza hilo kwa sababu hivi karibuni kuna sababu mpya inayotolewa ya kumlazimisha kila mtu ajisajili: roboti za kampuni za akili unde zinazofagia maandishi na kuzielemea seva. Mzigo ni wa kweli. Lakini kumwandikisha msomaji si dawa. Dawa ni kupunguza idadi ya maombi kwa dakika kutoka anwani moja, kuweka nakala za kurasa zinazosomwa sana kwenye hifadhi ya muda, na kutoa maandishi yasiyo na hakimiliki katika mafurushi makubwa ya kupakuliwa mara moja, ili anayeyataka yote asigonge mlango mara milioni. Maandishi ya vitabu huru yanaweza kutolewa kwa yeyote. Rekodi za usomaji zisitolewe kwa kampuni yoyote, kwa bei yoyote, hata kwa jina la utafiti.

Wasioona na wenye shida ya kusoma chapa wanahitaji kutajwa peke yao. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2016, unaruhusu vitabu vitengenezwe katika namna wanayoweza kuitumia bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki. Kwao usahihi wa maandishi yaliyotambuliwa si pambo. Programu ikisoma herufi kwa usahihi wa asilimia 99, ukurasa wa herufi 1,800 una makosa 18, na sauti inayosoma inajikwaa katika kila aya. Katika Kiswahili alama ya ng' hupotea kirahisi, na neno likapotea nayo. Bajeti iwe na wasahihishaji. Lakini huduma hii pia inaunda orodha ya watu wenye ulemavu, na hiyo ni taarifa ya afya. Uthibitisho wa ulemavu uangaliwe mara moja, iandikwe tu kwamba mtu anastahili, na cheti cha daktari kirudishwe kwa mwenyewe. Kisiskaniwe. Kisihifadhiwe "kwa ajili ya ukaguzi". Mkaguzi anaweza kuhakiki daftari la waliothibitisha.

Kwa mikataba ambayo bado haijatiwa saini, tunaomba masharti haya yaingie kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili: maktaba inapata nakala ya kila faili kuu pamoja na metadata (maelezo ya kitabu, kama jina lake na mwandishi) katika miundo iliyo wazi, mkandarasi haandiki usomaji wa mtu mmojammoja zaidi ya kinachohitajika kuonyesha ukurasa, taarifa za wasomaji hazitumiki kwa matangazo, mauzo wala kufundishia akili unde, wakandarasi wadogo wanatajwa kwa majina, uvujaji unaripotiwa kwa maktaba ndani ya saa 24, na mkataba ukiisha taarifa zote zinafutwa ndani ya siku 30, kwa hati yenye saini inayosema nini kimefutwa na nakala rudufu zinaisha lini. Sharti la kuweka mkataba kuwa siri likataliwe. Mkataba juu ya vitabu vya umma ni mali ya umma.

Kwa mikataba inayoendelea, anzeni na orodha. Mpeni fundi mmoja na mkutubi mmoja wiki mbili waandike kila mahali ambapo jina la msomaji na jina la kitabu vinakutana: jedwali, kumbukumbu, barua pepe, nakala rudufu, mfumo wa mkandarasi, karatasi ya kaunta, na rafu ya vitabu vilivyowekewa nafasi ambayo majina kamili yamebandikwa mgongoni mwa vitabu kila apitaye ayaone. Orodha hiyo itawashtua. Kisha kwa kila mstari wake muulize kama huduma itakwama mstari huo ukiondolewa. Isipokwama, uondoeni.

Tunaomba majibu yenu yatolewe hadharani, yakiwa na mambo matatu: mikataba yenyewe, jina la cheo cha mtu anayewajibika kwa taarifa za wasomaji katika kila maktaba, na tarehe ambayo ufutaji wa usiku utakuwa umewashwa. Maktaba isiyo na fundi wa kuuwasha ituambie. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya siku moja, nasi tuko tayari kuifanya pamoja nayo.

Wenu katika kazi,
Wakutubi, watunza nyaraka na mafundi wa mifumo ya maktaba